Walimu na wazazi, acheni kuwalisha watoto uongo kuhusu neno OK!

Wakuu, nimekasirika na sifichi.

Juzi mwanangu wa darasa la sita karudi na daftari la Kiingereza. Swali: OK ni kifupi cha nini? Kaandika "all correct", maana nilishamweleza mwenyewe. Kapigwa kosa kubwa la kalamu nyekundu, na pembeni mwalimu kaandika: "Zero killed, hakuna aliyeuawa vitani." Mtoto kaniangalia: "Baba, kumbe ulinidanganya?"

Iliniuma sana.

Hiyo stori inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka inachosha. Eti kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, askari wakirudi kambini bila kupoteza mtu waliandika sifuri na K. Jamani, vita vile vilianza 1861! OK ilishachapishwa kwenye gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, na maana yake ikawekwa palepale: "all correct". Miaka 22 kabla ya vita. Toa tu hesabu, uone.

Wahariri wa Boston enzi hizo walikuwa na mtindo wa kufupisha maneno huku wakiyakosea makusudi, kama vijana wetu walivyokuwa wakiandika "xaxa" na "cjui" kwenye simu. "All right" waliigeuza "oll wright", ikawa OW. "All correct" ikawa "oll korrect", ikawa OK. OW imekufa, hakuna anayeikumbuka. OK iliokolewa na siasa: mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena, na kwa kuwa kwao ni Kinderhook, New York, wafuasi wake walimwita Old Kinderhook wakaanzisha vilabu vya OK. Uchaguzi alishindwa, lakini herufi zake zilishasambaa nchi nzima.

Na haya si maneno ya kijiweni. Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha wa Columbia University, alipekua magazeti ya zamani moja baada ya jingine, akachapisha aliyoyakuta kwenye jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964. Miaka 60 na ushee sasa, na bado mtoto anakatwa alama kwa jibu sahihi!

Nyie mnaofowadi bila kuuliza, mjue zinaishia kwenye madaftari ya watoto wa watu. Jumatatu asubuhi naenda shuleni na lile daftari. Nataka mwalimu aifute ile kosa mwanangu akiwa amesimama pale anaona.