Kliniki za vidonda vya miguu Uingereza: zinaponyesha kweli au wanabana matumizi tu?

MamaNuru: Jamani mlioko huku Uingereza nisaidieni. Mama ana kidonda juu ya kifundo cha mguu kwa miezi saba sasa, nesi alikuwa anamfuata nyumbani kumfunga, sasa wanasema kuanzia mwezi ujao aende mwenyewe kliniki ya mtaani kila wiki. Mzee wa miaka 71 unamtoa kwenye baridi ili nesi asihangaike na safari? Mimi naona wanaokoa hela zao tu.

NesiWaTanga: Pole dada ila hapo sikubaliani na wewe, mimi kazi yangu ni kufunga hivi vidonda. Hilo swali walishalipima huku huku England, eneo la Trent, majibu yakatoka jarida la kitabibu la BMJ mwaka 1998. Wagonjwa 233 waligawanywa kwa bahati nasibu, 120 wakaenda kliniki 8 kufungwa bandeji ya tabaka 4 kila wiki, 113 wakabaki na manesi wa nyumbani kama kawaida. Ndani ya mwaka wa kliniki walikaa wastani wa wiki 20.1 bila kidonda, wa nyumbani 14.2. Gharama sasa, kliniki paundi 877.60 kwa mtu, nyumbani 859.34, yani hakuna hela iliyookolewa hapo, ni karibu sawa, ila mgonjwa kapata kama wiki 6 zaidi za mguu mzima.

Juma_K: Mkuu kilichoponyesha ni kliniki au bandeji? Maana wa nyumbani sidhani kama wote walifungwa hiyo ya tabaka 4.

NesiWaTanga: Umegusa penyewe, vilipimwa kwa pamoja, kuvitenganisha huwezi. Kidonda cha vena, yani mishipa inayorudisha damu moyoni, kinapona kwa kukazwa, damu isituame chini, na kukaza kunataka mkono uliozoea, kliniki ndo unaupata. Dada MamaNuru, mama ashapimwa dopla? Wanagawanya presha ya kifundo kwa ya mkono, ikitoka chini ya 0.8 hawamkazi hivyo, ateri, mishipa inayopeleka damu mguuni, zinakuwa zimeanza kuziba na ukikaza unaweza kuua mguu.

MamaNuru: Dopla?? Miezi saba hakuna hata mmoja aliyetutajia hicho kipimo! Kesho asubuhi nawapigia, na la usafiri nawauliza hapo hapo maana basi hawezi kupanda. Ahsante sana dada.