Macho ya mlango wa gereji yamefungwa darini: je, mlango huu ni salama kwa watoto?

Baba Zawadi (Columbus, Ohio)

Habari zenu, ndugu zangu. Miezi miwili iliyopita tulihamia katika nyumba ya kupanga ambayo gereji yake imeungana na sebule, na mlango wa gereji hiyo ni ule mpana wa magari mawili, unaopandishwa na mota hadi ukalala chini ya dari. Mimi nimekulia Tanga, ambako geti la chuma hufungwa kwa kufuli na mtu hulivuta kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo chombo hiki ni kigeni kwangu. Wanangu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka saba, wamekifanya mchezo: wanabonyeza kitufe cha ukutani, kisha wanashindana kupita chini ya mlango kabla haujagusa sakafu.

Jumamosi nilipanda ngazi ili nibadilishe balbu ya mota, nikakuta vijisanduku viwili vyeusi vimefungwa kwa utepe karibu kabisa na dari, vikitazamana kwa nafasi isiyozidi kiganja, na kimoja kinawaka taa ndogo ya kijani. Jirani ameniambia kwamba hayo ndiyo macho ya mlango, na kwamba huenda mpangaji aliyenitangulia aliyahamishia huko kwa kuwa mlango ulikuwa ukigoma kufunga. Je, niyarudishe mwenyewe au nimwite fundi? Na kuna kitu kingine ninachopaswa kukikagua? Mama yangu anakuja mwezi ujao kukaa nasi, na mchana atakuwa peke yake na wajukuu.

Fundi wa Milango (Dallas, Texas)

Baba Zawadi, ninaomba usisubiri hadi mwisho wa wiki. Usiku huu, mlango ukiwa umefungwa, chomoa plagi ya mota na uegeshe gari nje hadi kazi itakapokamilika. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, na hayo macho ya darini nimeyakuta katika nyumba nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nieleze yanavyofanya kazi. Jicho moja hutuma mwale usioonekana na la pili huupokea. Mtoto, paka au baiskeli ikiukata mwale huo wakati mlango unashuka, mota husimama na kuurudisha mlango juu. Yakifungwa darini yakitazamana, mwale haukatiki kamwe, na mota inaamini kwamba mlangoni hapana mtu. Hapa Marekani mota zote za nyumbani zilizotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 1993 zinatakiwa kisheria ziwe na kinga ya namna hii juu ya ile ya mlango kurudi ukigusa kitu, na sheria hiyo ilikuja baada ya watoto kufa chini ya milango hii. Mahali pake ni pande mbili za mlango, kwa kimo kisichozidi sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa kuwa mtoto anayetambaa au aliyeanguka yuko chini kabisa. Ukiangalia vizuri karibu na reli, kuna uwezekano mkubwa utavikuta vishikizo vya zamani bado vipo. Nyaya zake zina umeme mdogo, na mtu makini anaweza kuyarudisha mwenyewe, kuyaelekeza yatazamane sawasawa na kufuta vumbi la vioo vyake. Mara nyingi ule mgomo uliomchosha mpangaji wa awali husababishwa na utando wa buibui au jicho lililopigwa na ufagio likapinda kidogo.

Hata hivyo usiishie kwenye macho. Macho huona mstari mmoja tu wa usawa wa kifundo cha mguu. Hayamwoni mtoto aliyeinama huku miguu yake ikiwa nje ya mstari huo, wala hayamwoni aliyeshika ukingo wa chini ili abebwe mlango unapopanda. Kwa hiyo chukua ubao wa mbili kwa nne, ambao unene wake halisi ni kama sentimita 4, uulaze bapa sakafuni katikati ya mlango, kisha bonyeza kitufe cha kufunga. Mlango ukiugusa ubao unapaswa kugeuka mara moja na kupanda. Ukiukandamiza na kubaki hapo, au ukasukuma kwa nguvu kwanza ndipo urudi, mlango huo haufai kutumika kwa mota hadi urekebishwe. Fanya jaribio hilo kila mwezi, kwa sababu marekebisho ya nguvu ya mota huweza kubadilika jinsi mlango unavyochakaa.

Jaribio la tatu ni la uzito. Mlango ukiwa chini, vuta ile kamba nyekundu inayouachanisha na mota, uinue kwa mikono hadi usawa wa kiuno, kisha ulegeze mikono taratibu bila kuiondoa, watoto wakiwa mbali na miguu yako ikiwa nje ya mstari wa mlango. Ukitulia hapo, springi zinaubeba ipasavyo. Ukishuka kwa nguvu, springi zimechoka, na mlango wa magari mawili una kilo 70 hadi zaidi ya 100. Usiivute kamba hiyo mlango ukiwa juu, maana springi ikiwa imekatika, mlango wote utashuka kwa kishindo.

Springi zenyewe, kebo zake, na vibano vya pembe za chini ambako kebo hizo zimefungwa, usiviguse kwa spana wala kwa bisibisi. Nguvu iliyojikunja ndani yake inatosha kuvunja mkono, na mafundi wenzangu walioumizwa nazo ninawajua. Springi nyingi za nyumbani hutengenezwa kwa makadirio ya kufungua na kufunga mara 10,000. Familia inayotumia mlango mara nne kwa siku humaliza idadi hiyo kabla ya miaka saba kutimia. Kama zako ni zile ndefu zinazovutika kando ya reli, hakikisha waya wa usalama umepita katikati ya kila moja, ili ikikatika isiruke na kumpiga mtu.

Mama Neema (Oakland, California)

Baba Zawadi, fundi amesema ya chuma. Mimi niseme ya watoto. Mwaka juzi mwanangu wa miaka mitano aliweka vidole kwenye ungio la paneli mbili mlango ulipoanza kushuka, na paneli ziliponyooka ungio likafunga. Nilisikia ukelele wake kabla sijaelewa kilichotokea. Kucha ilitoka na ncha ya kidole ikashonwa nyuzi nne, na macho ya mlango wetu yalikuwa mazima na mahali pake. Tangu siku hiyo kitufe cha ukutani tumekipandisha hadi mita moja na nusu, mahali ambapo mtu mzima anayekibonyeza anauona mlango wote. Rimoti haikai tena kwenye kikapu cha funguo. Na hakuna anayegeuka kuondoka kabla mlango haujafika chini na kutulia. Mchezo wa kushindana na mlango uukataze leo kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwako.

Bibi akifika, mfundishe kamba nyekundu kwa vitendo, si kwa maelezo ya mezani. Hapa California, baada ya mioto ya mwaka 2017 ambamo baadhi ya watu walishindwa kufungua milango ya gereji umeme ulipokatika, sheria imetaka mota mpya ziwe na betri ya akiba tangu tarehe 1 Julai 2019. Ohio sijui mpangilio wa nyumba yako, lakini kama mama hawezi kuuinua mlango kwa mikono, ajue mapema mlango wa kutokea ni upi.

Welda wa Tegeta (Dar es Salaam)

Nimesoma kwa uchungu, maana jambo hili liko hapa nyumbani pia, ingawa kwetu ni geti la kusukuma lenye mota. Wateja wengi hununua mota na rimoti, kisha husema macho yataongezwa baadaye, na baadaye hiyo haifiki. Yafungwe siku ileile. Na kabla hata ya mota, tazama mwisho wa reli: kama hapana kizuizi imara cha chuma kilichochomelewa na kushikwa na zege, geti likisukumwa kwa nguvu linapita roli za juu zinazolishikilia na kuanguka lote. Mtoto anayening'inia kwenye geti huwa upande huohuo linakolalia.

Baba Zawadi

Nawashukuru sana, kaka fundi, Mama Neema na ndugu wa Tegeta. Usiku uleule nilichomoa plagi. Vishikizo vya zamani vilikuwapo kweli, kimoja nyuma ya pipa la taka, na macho yamerudi kwa kimo cha sentimita 13. Nilirudisha umeme kwa muda wa majaribio tu, watoto wakiwa ndani. Mlango uligeuka nilipopitisha ufagio mbele ya jicho, lakini juu ya ubao ulikandamiza kwanza, mbao ikalia, ndipo ukapanda. Nilipouachanisha na mota na kuuinua hadi kiunoni ulinielemea, nikaushusha polepole kwa shida. Nimemwandikia mwenye nyumba pamoja na picha za macho yalipokuwa, naye amekubali kulipia springi mpya na marekebisho ya mota. Fundi anakuja Alhamisi. Plagi nimeichomoa tena, na gari linalala nje.