Peugeot 504 ya marehemu baba: spea orijino nitafute wapi?

Kibosho_Juu: Wakuu, heshima kwenu. Marehemu baba alituachia Peugeot 504, imelala chini ya migomba tangu 2009. Familia tumekubaliana niifufue irudi kama ilivyotoka kiwandani, siyo kuifungia injini ya Toyota ili mradi itembee. Naona njia tatu: kuagiza Ufaransa spea za zamani ambazo hazijawahi kufungwa, kununua kopi mpya, au kununua 504 nyingine mbovu niitolee spea. Kuna moja Voi, Kenya, mwenyewe anataka jibu wiki hii. Nishaurini.

Spana19: 504 gani mkuu? Saluni (ya kawaida yenye buti), stesheni wagoni, pikapu? Petroli au dizeli? Mwaka? Na hiyo ya Voi ni ipi? Bila hayo tutakupoteza.

Mwana_Tanga: Achana na Ufaransa, nenda Nigeria. Kaduna walianza kuunganisha 504 mwaka 1975 na waliendelea hata baada ya Wafaransa wenyewe kuacha. Spea zipo za kumwaga.

Spana19: Mwana_Tanga, Nigeria usukani uko kushoto. Vya injini sawa, bodi sawa. Dashibodi, steringi reki na mitambo ya waipa havitamfaa. Hata taa za mbele, mwanga wake umelalia upande mwingine, atawapiga wenzake machoni usiku kucha. Ufaransa ni yale yale. Vitu vya usukani wa kulia aulize Uingereza, Afrika Kusini au Australia.

Kibosho_Juu: Samahani wakuu, nilisahau. Ni stesheni ya petroli ya 1978, siti mistari mitatu. Ya Voi ni saluni.

Fundi_Gerezani: Basi usitume hela kwanza! Stesheni nyuma ina ekseli nzima yenye springi mbili kila upande, na gari lenyewe ni refu kuliko saluni. Saluni nyingi matairi ya nyuma kila moja linacheza kivyake. Kuanzia mlango wa nyuma kwenda mwisho hutatoa kitu. Mbele ndiko kuna mali: boneti, madigadi, grili, taa. Kwa injini, ile ya cc 1971 (ukubwa wa injini, siyo mwaka) ilifungwa pia kwenye Peugeot 505 za mwanzo, kwa hiyo ukiona 505 imekufa mahali usiipite.

Dada_Himo: Naomba nikueleze yaliyonikuta kwenye Peugeot 404 ya mjomba. Niliagiza nje masta silinda ya breki (pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki), ya zamani, haijatumika. Ilikuja na boksi lake, karatasi ya mafuta haijafunguliwa. Nilifurahi mpaka nikawapigia ndugu simu. Fundi akaifunga kama ilivyo. Wiki ya tatu nashuka kutoka Marangu kuja Himo, nakanyaga, pedali inazama mpaka chini. Nikarudisha gia ya pili, ya kwanza, nikavuta handibreki, nikaishia kwenye shamba la mahindi la watu. Tulipoifungua, zile raba za ndani zilikuwa zimekakamaa, ukizibonyeza kwa kucha zinakatika. Zimekaa kwenye boksi miaka zaidi ya thelathini! Muuzaji akasema yeye aliuza orijino na orijino ndiyo niliyopata. Kibosho, chuma nunua cha zamani. Raba zote, sili, bushi, hosi za breki, nunua mpya hata kama ni kopi.

Mwana_Tanga: Pole sana dada, Mungu mkubwa. Ila 404 ndiyo gari. Bert Shankland wa hapa kwetu alishinda mbio za magari za Safari Rally 1966 akarudia 1967, kwa 404.

Stage_Nakuru: Na 504 je? Ove Andersson 1975, Jean-Pierre Nicolas 1978. Stesheni za 504 ndizo zilitubeba Nairobi–Nakuru–Kisumu, abiria wamejaa na mizigo juu. Ndugu Kibosho, pikapu za 504 ziliunganishwa huku kwetu, Mombasa, miaka mingi, na uso wake ni ule ule. Pitia Kirinyaga Road, Nairobi, uulize wazee. Wako wanaotambua spea ya Peugeot kwa kuishika tu.

Kibosho_Juu: Asanteni mno. Lingine: viti baba alivishonesha Moshi mjini mwaka 1984, leza nyekundu. Mama anataka vibaki hivyo.

Spana19: Hapo si orijino tena mkuu. Umesema irudi kama ilivyotoka kiwandani.

Dada_Himo: Spana19, mama ndiye aliyekaa kwenye hivyo viti miaka yote. Viache.

Fundi_Gerezani: Vitambaa vya kiwandani atavipata wapi? Kwanza achungulie sakafu chini ya hivyo viti, kutu ya migombani si mchezo.

Kibosho_Juu: Nimempigia wa Voi sasa hivi. Grili na taa ameuza jana. Madigadi yapo, anataka laki nne kwa yote mawili. Fundi, la saluni linaingia kwenye stesheni bila kukata?

Mwana_Tanga: Shilingi za wapi, zetu au za Kenya?