Kuuza filamu jumla jumla: sheria ikataze, au kila mtu na mkataba wake?

Wadau, vijiwe vya watu wa filamu Kinondoni na Sinza, hapa Dar, vina hoja moja siku hizi: mkataba wa kumuuzia msambazaji haki zote za filamu, kwa bei moja na kwa milele, upigwe marufuku. Mtu akodishe tu kwa miaka, muda ukiisha filamu irudi kwa mwenyewe. Mimi napinga, na ni mmoja wa walioumia.

Mwaka 2011 niliuza filamu yangu Kariakoo, milioni 9. Nilikabidhi masta, yaani nakala mama ya filamu, kwenye bahasha ya kaki, nikasaini kurasa nne nimesimama, kaunta imejaa maboksi ya DVD. Ukurasa wa tatu uliandikwa "haki zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazokuwepo". Nilikisoma hicho kifungu, sikudanganywa. Ila mwenye kamera alikuwa nje ananisubiri, steringi anadai nusu yake, na mwenye nyumba tuliyoshutia ameshafunga chumba taa zetu zikiwa ndani. Leo filamu ile iko YouTube, naiangalia kwa bando langu kama nyie.

Ningeambiwa nikodishe, ningepewa milioni 3 na mwenye kamera angezimaliza pale pale mlangoni. Kosa letu lilianza kabla: tunaingia lokesheni na mtu wa maiki, wa kupaka poda, hadi wa kupika, lakini wa hesabu na mikataba hatuna. Kazi hiyo anaifanya mwongozaji usiku, akiwa hoi.

Mhariri wa Tabata:
Kaka, pole, ila umejikaba mwenyewe. Ulisaini kwa njaa, na kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kwa ajili ya wenye njaa hao hao. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inailinda filamu miaka 50. Wewe umeitoa yote kulipa deni la wiki mbili!

Muuza Kava Mstaafu:
Mimi nilikuwa ng'ambo ya kaunta, kwa msambazaji. Filamu ikitoka Jumatatu, Ijumaa feki zishapangwa barabarani. Hata stempu za kodi za TRA za 2013, za kubandika kwenye DVD halali, hazikuzimaliza. Bosi alikuwa na siku chache za kurudisha hela yake, angekodi miaka mitano ya nini? Sasa mwenye king'amuzi analipwa na watazamaji kila mwezi, huyo kukodi filamu anaweza kabisa, asiwadanganye.

Mleta mada:
Dada wa Tabata, hapo kwenye kima cha chini umenipata. Basi nashuka ngazi moja: marufuku ya kuuza bado sitaki, ila hilo neno "zitakazokuwepo" sheria ilifanye batili. Nani pale kaunta mwaka 2011 aliwaza chaneli nzima ya king'amuzi inayoonyesha filamu zetu tupu? Mtu auze anachokijua bei. Na swali langu mmelikwepa: nani humu ameshawahi kumlipa mwanasheria kabla ya kumlipa steringi?

Muuza Kava Mstaafu:
Miaka yote ile nilimwona mmoja tu, na wala hakumlipa. Alikuja na binamu yake anayesoma sheria Chuo Kikuu, Mlimani, binti mdogo, kalamu nyekundu mkononi. Akakata huo mstari, akamrudishia bosi karatasi. Bosi akanung'unika, akatoa hela ile ile aliyokuwa ameshaihesabu.