Nina siku moja ya kutembea nikiwa Yiwu: Wuzhen, Zhouzhuang au Zhujiajiao? Naombeni ushauri

Binti wa Mtaa wa Kongo
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri wa haraka.

Nipo Yiwu, China, kufuata mzigo. Kila nikija huku ni hoteli, soko, hoteli, uwanja wa ndege. Ukiniuliza China ikoje sina la kukueleza zaidi ya korido na vibanda. Safari hii nimepata nafasi ya kwenda kutembea siku moja kwenye ile miji yao ya kale yenye mifereji katikati ya nyumba, madaraja ya mawe na mitumbwi. Nimepewa Wuzhen. Gari linanichukua hotelini alfajiri, mwongozaji yupo, narudi usiku.

Je, Wuzhen panafaa, au ni heri Zhouzhuang au Zhujiajiao? Siku moja inatosha? Alhamisi watu huwa wengi? Nina wasiwasi, hata usingizi sipati vizuri. Mliofika nisaidieni.

Mwanafunzi wa Hangzhou
Karibu Zhejiang dada, mkoa wenye Yiwu na Wuzhen. Nilisoma Hangzhou na Wuzhen nimefika. Ujue kwanza kwamba Wuzhen imegawanywa sehemu mbili na kila moja ina tiketi yake. Dongzha, ya mashariki, ni ndogo na inafaa mchana. Ndipo ilipo nyumba ya Mao Dun, mwandishi wao mkubwa aliyezaliwa hapo 1896, na ndipo penye karakana ya vitambaa vya nili. Hiyo usiikose. Ni uwanja mzima wa vitambaa vya bluu vyenye maua meupe, vimeanikwa kwenye nguzo ndefu kupita mapaa ya nyumba, na upepo ukivuma vinapiga kama matanga. Xizha, ya magharibi, ni kubwa, ilifunguliwa kwa wageni 2007, na uzuri wake ni jioni taa zikiwaka juu ya maji.

Alhamisi ya kawaida ni sawa. Kimbia wiki ya tarehe 1 Oktoba na sikukuu ya 1 Mei, hapo hata daraja hulioni kwa watu. Tatizo la kutokea Yiwu ni barabara: zaidi ya saa mbili kwenda tu. Ukitaka sehemu zote mbili kwa siku moja, utaona haraka haraka.

Nahodha Mstaafu
Mimi nasema Zhujiajiao, sina la kuongeza. Iko ndani ya Shanghai yenyewe, wilaya ya Qingpu, unapanda metro laini namba 17 mpaka kituo chenye jina hilo hilo, na kuingia mjini hulipi. Unalipa tu ukitaka kuingia kwenye bustani au nyumba fulani. Kuna daraja linaitwa Fangsheng, la mwaka 1571, matao matano ya mawe. Watu wananunua samaki wadogo kwenye mifuko ya plastiki pale pale darajani, wanawaachia mtoni kupata thawabu. Meli yetu ilikaa Shanghai ikisubiri kipuri, tukaenda na mpishi wetu wa Tanga. Aliwaangalia wale samaki akasema kwao Chumbageni wangekwisha sufuriani kabla ya kufika darajani. Nilicheka mpaka Wachina nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mpishi yule, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono wa samaki wa nazi sijapata kuuona tena.

Mpemba Halisi
Dada yangu, ikiwa wewe ni Muislamu tahadhari na chakula. Miji ile yote sifa yake kubwa ni nguruwe. Zhouzhuang fahari yao ni paja la nguruwe lililopikwa na soya mpaka likang'aa, kila duka limepangwa dirishani. Hata ule wali wanaoufunga kwenye majani wakauchemsha, mara nyingi ndani mna nyama hiyo hiyo. Yiwu una raha, msikiti mkubwa upo na mikahawa ya halali kila kona. Fungasha chakula chako kabisa.

Binti wa Mtaa wa Kongo
Asanteni sana. Ndugu yangu wa Pemba, mimi ni Muislamu, nimekuelewa, nitafungasha. Kwa hiyo Wuzhen ni sawa? Maana nilishakubali, na picha ya pasi nimeshawatumia kwa ajili ya tiketi.

Mzee wa Kumbukumbu
Binti, kabla ya kuchagua mji ujue unakwenda kuona nini. Eneo lile lote kusini mwa mto Yangtze lilitajirika kwa mchele na hariri, na mizigo ilipita majini. Mfereji Mkuu kutoka Beijing hadi Hangzhou una urefu wa karibu kilomita 1,800, na UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2014. Wuzhen uko kando yake. Ndiyo maana nyumba zina ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, mlango wa nyuma ndio ulikuwa bandari ya kila familia.

Zhouzhuang ulijulikana duniani kwa picha moja. Mchoraji Chen Yifei alichora madaraja mawili ya pale yaliyoshikana, na 1984 tajiri wa Marekani Armand Hammer akainunua akamzawadia Deng Xiaoping, kiongozi wa China wakati huo. Ningekuwa na nguvu za miguu ningekwenda huko. Na angalia miguu yako, madaraja yale ni ngazi tupu, hayana pa kupitia ubavuni.

Kipara wa Mwanza
Ngoja kidogo. Dada umeandika "nimepewa Wuzhen". Umepewa na nani? Gari la kukufuata hotelini, mwongozaji, tiketi, na mafuta ya saa mbili kwenda na mbili kurudi. Nani analipa?

Mwanafunzi wa Hangzhou
Swali zuri. Kama ni safari ya bei ya chini mno, uwe macho. Niliwahi kupanda basi moja la bei ya kutupa. Mji wa majini tuliuona muda mfupi, saa zilizobaki tulizungushwa kiwanda cha hariri, duka la lulu, duka la chai. Mlango wa kutokea ulikuwa mbele kabisa, lazima upite kaunta zote. Sheria yao ya utalii ya 2013 inakataza mchezo huo, lakini mgeni asiyejua lugha atamshitakia nani?

Binti wa Mtaa wa Kongo
Si basi la watalii. Ni mtu ninayenunua kwake mikoba ndiye ananipeleka kama mteja wake. Mwongozaji ni mkalimani wake, msichana mwema sana, anazungumza Kiingereza safi. Sioni ubaya. Tumefanya biashara tangu kabla ya korona.

Kipara wa Mwanza
Mzigo wako umeshapakiwa?

Binti wa Mtaa wa Kongo
Bado.

Kipara wa Mwanza
Unapakiwa lini?

Shangazi wa Tabata
Jamani Kipara, mwacheni mtoto wa watu akatembee. Sisi wanawake tukipata nafasi ya kupumua mnatuhoji kama polisi. Mume wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo, hata nikienda Bagamoyo na wenzangu nikirudi nakuta maswali mezani. Nenda mwanangu, upige picha, uvae kile kitambaa cha bluu.

Kipara wa Mwanza
Shangazi shikamoo, ila ngoja ajibu.

Binti wa Mtaa wa Kongo
Alhamisi.

Lakini nisikilizeni kwanza kabla hamjanishukia. Mikoba inafika godauni asubuhi ile, vibanio na miavuli vimeshafika na nimeshavikagua. Kupakia kunaanza mchana. Muuzaji amesema kila kitu kiko sawa, sina haja ya kusimama kwenye vumbi siku nzima. Salio la asilimia 70 ameniomba nilimalize Jumatano ili tusafiri roho nyeupe. Nusu ya hilo salio nimeshamtumia. Safari hii sikuchukua wakala, kamisheni yao inakula faida yote. Na hii mikoba nimeiona kibandani kwake kwa macho yangu, nimeishika.

Kipara wa Mwanza
Kibandani uliona sampuli dada.

Nikueleze yaliyonikuta mimi. Nilinunua mikoba kwa muuzaji mmoja, simtaji. Siku ya kupakia nilikuwa na homa, nikalala. Mwanza nilipofungua, katoni za mstari wa mlangoni zilikuwa safi kabisa. Za ndani, zipu inakwenda nusu inang'ang'ania, mishikio imebandikwa gundi bila kushonwa, na harufu ya gundi inakukaba koo. Wateja walirudisha mmoja mmoja. Mpaka leo kuna katoni zimebaki stoo kwa mama.

Ukienda godauni usifungue katoni wanayokupa. Chagua mwenyewe, ya katikati na ya chini. Toa mkoba wa chini kabisa ya katoni. Vuta zipu mara kadhaa, ning'iniza kitu kizito kwenye mshikio, geuza bitana uone mshono. Pima katoni mbili tatu kwenye mizani, zikipishana sana uzito jua ndani hakufanani. Halafu ndio umalize salio.

Mama Mweka Hazina
Naomba kuuliza kwa heshima. Mtaji ni wako peke yako?

Binti wa Mtaa wa Kongo
Hilo lina uhusiano gani na Wuzhen?

Mama Mweka Hazina
Lina uhusiano mkubwa mama.

Binti wa Mtaa wa Kongo
Sawa. Si yangu peke yangu. Ni ya kikundi chetu cha vikoba, tumechanga tukachukua kontena moja, mimi ndiye mwenye uzoefu wa huku. Wenzangu wananiamini na wanajua nafanya kazi usiku na mchana. Kuna ubaya gani nikipumzika siku moja? Kila mwaka wao wanapokea mzigo nyumbani, mimi nabeba baridi na njaa. Na nikimkatalia muuzaji anaweza kuona namshuku, uhusiano wa miaka ukaharibika.

Mama Mweka Hazina
Hakuna ubaya kupumzika, na umestahili. Ila pesa ya kikundi ni amana. Mimi naweka hazina ya wanawake hapa Morogoro, najua mama anayeuza maandazi anavyopata hisa yake. Mkoba ukifika bila mshikio, hatakuuliza kuhusu uhusiano wako na muuzaji.

Hakimu wa Jamvi
Chai hii. Tena ya tangawizi.

Mmekaa mnampa mtu ushauri kuanzia asubuhi. Huko China mitandao yetu haifunguki, WhatsApp yenyewe kimya, huyu anaandika humu kwa muujiza gani? Halafu angalieni hadithi inavyofunguka kidogo kidogo: kwanza safari, mara ya bure, mara siku ya kupakia, mara pesa ya vikoba. Kesho atatokea "wakala mwaminifu" anaacha namba yake. Nimeshausoma uzi wa namna hii.

Nahodha Mstaafu
Hata mimi nimeanza kushangaa.

Mwanafunzi wa Hangzhou
Hakimu, kuhusu mtandao umekosea. Ukiwa na laini ya nyumbani kwenye rominga, data inapitia kwenye mtandao wa nyumbani na kila kitu kinafunguka. Ni ghali lakini kinafunguka.

Hakimu wa Jamvi
Basi ajibu swali moja la mtu aliye Yiwu. Mikoba inauzwa wapi sokoni?

Binti wa Mtaa wa Kongo
Distrikti 2, ghorofa ya kwanza, mabegi na miavuli viko humo humo. Vibanio ni Distrikti 1 ghorofa ya pili, juu ya maua ya plastiki na midoli. Kaka yangu, sijaja kumtangaza mtu. Niko kitandani na kalkuleta, mafua yamenibana, na natumia laini ya Tanzania kama mwenzako alivyosema. Usipoamini basi, ila usiwakatishe wengine wanaonisaidia.

Hakimu wa Jamvi
Hayo hata kwenye ramani yapo. Weka picha ya katoni zenye alama yako.

Kipara wa Mwanza
Asiweke. Alama ya mzigo ya mtu haiwekwi hadharani. Na Hakimu, hata kama kaitunga, yuko mwingine anasoma kimya mwenye kontena kweli.

Mpemba Halisi
Kipara kasema kweli. Dada, mwambie huyo bwana wa mikoba abadilishe siku. Kama nia yake ni kukukirimu, Wuzhen haikimbii.

Shangazi wa Tabata
Mimi nafuta maneno yangu ya mwanzo. Sikujua kuna pesa za wanawake wenzetu. Kaa godauni mwanangu.

Binti wa Mtaa wa Kongo
Nimemwandikia kuomba tusogeze Jumamosi. Amejibu gari lipo Alhamisi tu, Jumamosi lina kazi nyingine. Mkalimani naye kaniambia Alhamisi ndiyo hali ya hewa nzuri. Sitaki kumfikiria vibaya, huenda ni kweli.

Ila Alhamisi nitakuwa godauni, na salio lililobaki namalizia nikishafungua katoni. Ndege yangu ni Jumapili usiku. Jumamosi nataka kwenda Wuzhen kwa pesa yangu mwenyewe, hilo sitaliacha, na msinikataze. Mwanafunzi, naweza kwenda peke yangu bila lugha?

Mwanafunzi wa Hangzhou
Unaweza kabisa. Nenda kituo cha treni Yiwu na pasi yako mkononi, pasi ndiyo tiketi, mgeni mara nyingi anapita dirisha lenye mtu. Omba treni ya mwendo kasi kwenda Tongxiang. Zingine hazisimami hapo, ukikosa ya moja kwa moja badilisha Hangzhou Mashariki. Nje ya kituo cha Tongxiang kuna mabasi ya Wuzhen. Kata tiketi ya kurudi kabla hujatoka kituoni, Jumamosi zinajaa. Malipo, unganisha kadi yako ya Visa kwenye Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, leo leo, usingoje ukiwa mlangoni.

Kwa muda ulionao, ingia Dongzha peke yake na uione taratibu. Mtumbwi panda mapema, mchana foleni inakuwa ndefu. Mpiga kasia anasimama nyuma na kasia moja tu, na ukikaa mbele unaona ngazi za kila nyumba zikipita karibu yako.

Piga picha ya maandishi haya uwaonyeshe dirishani: 桐乡 ndiyo Tongxiang, 乌镇 ndiyo Wuzhen.