Gari lililofanyiwa marekebisho litambuliwe kwa kigezo gani?

MkaziWaLanet (Nakuru) anauliza:

Ndugu wapenzi wa magari,

Kikundi chetu kidogo hapa Nakuru, ambacho kina wanachama pia kutoka Kisumu, Kericho na Kakamega, kimeazimia kwamba katika mkutano wake ujao gari moja lililofanyiwa marekebisho litambuliwe rasmi. Litapigwa picha, mwenyewe atapewa cheti, na maelezo ya kazi yote iliyofanywa yatahifadhiwa. Nimekabidhiwa jukumu la kuandika vigezo, na hapo ndipo ubishi ulipoanzia.

Wapo wanaotaka nguvu za injini zipimwe na lenye nguvu nyingi zaidi lipewe ushindi. Wengine wanataka kura, jambo ninalolihofia kwa kuwa kura humwendea mwenye marafiki wengi na ekzosi yenye kelele. Wengine tena wanapendekeza tuige Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri yaliyoanza mwaka 1970, ambayo waamuzi wake hukagua usafi na hali ya gari mpaka uvunguni. Utaratibu ule una heshima yake, lakini humtuza zaidi mtu aliyelitunza gari, nao hautoshi kumpima mtu aliyelibadilisha gari lake makusudi.

Isitoshe, magari yetu hayafanani hata kidogo. Subaru za turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ndizo nyingi, lakini kuna Peugeot 504 pikapu ambayo mwenyewe ameifufua kutoka kwenye vyuma chakavu, na kuna Toyota Probox iliyoinuliwa kwa ajili ya barabara za mashambani ambayo baadhi ya vijana huicheka. Je, ni kipimo gani kinachoweza kuyaweka haya yote mbele ya waamuzi walewale bila mtu kudhulumiwa?

FundiWaKibuye (Kisumu) anajibu:

Ndugu MkaziWaLanet, nakusalimu kutoka Kisumu. Usianze na nguvu za injini. Anza kwa kumwuliza mwenye gari swali moja kuhusu kila kitu alichobadilisha: kitu hiki kinafanya kazi gani kwenye gari hili?

Tazama lile tundu lililoinuka juu ya boneti ya Subaru Impreza ya turbo. Chini yake pamelazwa kipoza hewa, kwa sababu turbo inapoisukuma hewa huipasha joto, na hewa yenye joto hubeba oksijeni kidogo tena huchochea petroli kulipuka kabla ya wakati wake. Tundu lile huelekeza upepo kwenye kipoza hewa hicho gari likiwa mwendoni. Sasa boneti hiyohiyo ukiifunga kwenye Impreza ya lita 1.5 isiyo na turbo, tundu halina cha kupoza, na faida yake pekee ni kuinyeshea injini mvua. Boneti ni ileile lakini hukumu zake ni mbili, na ndiyo sababu orodha ya vipuri, hata ikiwa ndefu namna gani, haiwezi kukupa mshindi.

Jambo la pili ni kwamba gari linapaswa kuwa limetengenezwa kwa ajili ya mahali linapotumika. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, hapo imepungua kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Hapa Kisumu, penye mita 1,130 hivi, imepungua kwa karibu moja ya nane. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribia hiyo, wala hakuna bomba la ekzosi litakalozirudisha zote. Yenye turbo inaweza kufidia, ila turbo yenyewe hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikie kanieneo ileile, na hewa inayotoka humo huwa ya moto zaidi. Tena kumbuka kwamba Impreza STI (toleo lenye nguvu zaidi) za soko la Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake (kipimo cha uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati) hukaribia 100, ilhali petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Mtu anayeongeza kanieneo ya turbo bila kuipanga upya kompyuta ya injini ilingane na petroli na mwinuko wa huku anajitafutia pistoni zilizopasuka kwenye mifereji ya ringi. Mwenye gari akiweza kukueleza jinsi mambo haya yalivyozingatiwa, hata kama nguvu alizoongeza ni chache, huyo amefanya kazi ya maana kuliko mwenye namba kubwa ambaye hajui zilikotoka.

La tatu ni breki, na hapa sina huruma. Gari lililoongezewa nguvu bila kuongezewa uwezo wa kusimama ni kazi iliyoachwa katikati. Anayeshuka kutoka Nandi Hills kwenda Chemelil anajua jinsi breki zinavyochemka pale. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishafyonza unyevu kiwango hicho cha chini ni nyuzi 155 tu, na yanapochemka hutoa povu la mvuke na pedali huzama mpaka sakafuni. Kwa hiyo mwulize mshindani ni lini aliyabadilisha. Nimewahi kuona vifuniko vyekundu vya plastiki vilivyobandikwa juu ya kalipa (vibano vya breki) za kawaida ili zifanane na za Brembo, kampuni ya breki za mashindano. Gari la namna hiyo, kwa maoni yangu, liondolewe mapema hata rangi yake ikiwa inang'aa vipi.

BintiWaLurambi (Kakamega) anajibu:

Kaka Fundi, kuhusu breki sina neno la kuongeza. Ninalolipinga ni kwamba kwa kipimo chako kila kisichoongeza mwendo au usalama kimekosa kazi, na hivyo umewafungia nje mafundi wa bodi na wa rangi. Kupendeza nako ni kazi ya gari, ilmradi kupendeza huko kuwe kumefanywa kwa ustadi.

Nitoe mfano. Mwaka 1998 Subaru walitoa Impreza 22B, magari 400 kwa soko la Japani, na madigadi yake yaliyotanuka yameigwa kila mahali tangu hapo. Mwigaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kubandika fibaglasi juu ya bodi kwa riveti na kuficha maungio kwa puti. Ya pili ni kukata bati, kulitanua, kulichomelea na kulinyoosha kwa nyundo mpaka mkono ukipita usihisi lilipoungwa. Ukisimama mbali, magari hayo mawili ni pacha. Ukichukua sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa ili isikwaruze, ukaipitisha juu ya madigadi, utajua mara moja, kwa maana sumaku haishiki penye puti nene wala kwenye fibaglasi. Tazama pia nafasi kati ya mlango na nguzo zake kama inalingana kutoka juu hadi chini, na uchungulie ndani ya upinde wa gurudumu, mahali ambapo fundi mvivu huamini kwamba hapatatazamwa.

Aliyefuata njia ya pili anastahili kutambuliwa hata kama injini yake haijaguswa. Siyo lazima kila gari liwe la mashindano.

MzeeWaMajaniChai (Kericho) anajibu:

Wanangu, mmesema vizuri, lakini nyote mnalipima gari likiwa limesimama.

Joginder Singh, aliyezaliwa hapa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mashindano ya magari ya Safari Rally ya mwaka 1965 aliyashinda akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa imekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia, nao wakaijenga upya wenyewe. Baadaye alishinda tena mara mbili, 1974 na 1976, akiwa na Mitsubishi Lancer. Watu wa rika langu waliyaona magari ya namna ile yakipita, na hayakuwa na pambo. Chuma cha mbele kiliwekwa kwa sababu ya ng'ombe na wanyamapori, bamba la chini kwa sababu ya mawe, na bomba la hewa lililoinuliwa kando ya kioo kwa sababu ya mito iliyofurika. Hata Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikiwa na makao yake Naivasha katika kaunti yenu ya Nakuru, vumbi la Kedong na Soysambu liliwakumbusha wageni kwamba gari la huku hujengwa kwa namna yake.

Kwa sababu hiyo mimi ningeweka sharti kabla ya vigezo vyote: gari lije mkutanoni kwa magurudumu yake, lisiletwe juu ya lori. Atokaye Kisumu apande hadi Kericho katika mvua ya alasiri, apite matuta yote na malori ya Mau Summit, afike Nakuru baada ya karibu kilomita 180, ndipo boneti ifunguliwe na waamuzi watazame kama rejeta inavuja na kama uvungu umekwaruzwa na matuta. Kwa kipimo hicho Probox mnayoicheka, ikiwa imefungiwa springi nzito na samgadi (bamba la chini) ya kweli, na ikiwa hubeba maziwa kila siku, huenda ikawaaibisha wengi.

Tena muufikirie umri wa gari. Nchi yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo Impreza ya miaka ya tisini mnayoiona Nakuru leo imeishi huku muda mrefu na imepita mikononi mwa wengi. Kuiendeleza bila kuuharibu mwili wake wa asili ni jambo gumu kuliko kununua vipuri.

JiraniWaSection58 (Nakuru) anajibu:

Mimi sina gari la kushindanisha, ila naishi mahali ambapo magari yenu hupita usiku wa manane. Naomba kelele zisihesabiwe kuwa sifa. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2009, na watoto wetu hulala.

FundiWaKibuye (Kisumu) anajibu:

Jirani, una haki, na nitakupa hoja ya kiufundi ya kukusaidia. Ule mngurumo wa Subaru ambao vijana wanaupenda hutokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu kati ya injini na turbo, hivyo moshi wa silinda nne haufiki kwa mfuatano ulio sawa. STI za soko la Japani zilipowekewa turbo ya njia mbili (inayopokea moshi kwa njia mbili tofauti), mabomba yakalinganishwa, mngurumo ukapotea, na nguvu hazikupungua. Anayedai kwamba kelele yake ni dalili ya nguvu atafute dalili nyingine.

Kwa dada wa Lurambi: hoja ya sumaku naipokea, na madigadi ya bati nitayatazama kama kazi kamili. Boneti yenye tundu la uongo bado siikubali.

MkaziWaLanet (Nakuru) anajibu:

Nawashukuru, wazee na ndugu zangu. Sharti la Mzee la kuja kwa magurudumu nimelichukua jinsi lilivyo, na kura ya wanachama nimeifuta. Kila mwenye gari atafungua boneti mwenyewe na kueleza alichobadilisha na sababu yake, huku waamuzi wakiwa na ruhusa ya kuinama uvunguni na kupitisha sumaku. Nguvu za injini zitaandikwa kwenye maelezo bila kupewa alama.

Limebaki jambo linalonitatiza. Kuna mwanachama aliyelipa karakana ya Nairobi ifanye kila kitu, akaletewa gari likiwa tayari, nalo ni zuri kwelikweli. Mwenye Peugeot amefanya yake kidogo kidogo kila alipopata fedha, mengine kwa mikono yake na mengine akisaidiwa na fundi wa jua kali wa Industrial Area. Je, fedha na mikono vihesabiwe vipi?

BintiWaLurambi (Kakamega) anajibu:

Fedha zisimwongezee mtu alama wala zisimpunguzie. Gari la Nairobi likiwa bora, litambuliwe, lakini cheti kiandikwe jina la karakana iliyolijenga na jina la mwenyewe lichukue nafasi ya mmiliki tu. Kwa Peugeot liandikwe la mwenyewe pamoja na la yule fundi wa Industrial Area, na fundi aalikwe siku hiyo. Mafundi wetu hujenga magari yanayopigwa picha kila mwishoni mwa wiki, na majina yao hayatajwi.

FundiWaKibuye (Kisumu) anajibu:

Dada amesema lile ambalo mimi ningeona haya kulisema. Naongeza la kiutawala tu: anayebadilisha injini au rangi ya gari anatakiwa kuiarifu NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ili logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari, isahihishwe. Waamuzi wasome namba ya injini na kuilinganisha na logibuku kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu injini za Subaru huhamishwa sana kutoka gari hadi gari na si zote zina asili inayoelezeka. Ambaye namba zake hazilingani akaguliwe kama wenzake na alama zake ziandikwe, ila cheti kibaki kwa katibu mpaka alete logibuku iliyosahihishwa.