Gereji ina chemba za kutenganisha oili, bado sampuli ya majitaka imefeli. Nishaurini

MwenyeSpana
Wakuu, nimebanwa. Nina gereji ndogo yenye sehemu ya kuoshea magari na injini. Maji yote yanapita chemba tatu za kutenganisha oili kabla ya kuingia bomba la majitaka la mji. Wiki iliyopita walikuja maafisa, wakafunua mfuniko wa chemba ya mwisho, wakachota chupa mbili, wakaondoka. Leo nimeletewa barua: mafuta na grisi vimezidi kiwango cha kibali, pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka maana yake asidi imezidi) iko chini, nina siku 30 nirekebishe, la sivyo wananiziba.

Chemba nilizisafisha mwezi jana tu! Maji yanayotoka hayana oili inayoelea, ni meupe kama maziwa. Jirani ananiambia siku wakirudi nifungulie maji safi yakimbie ili uchafu upungue. Mwingine anasema nichepushie kwenye mtaro wa mvua, kule hakuna anayepima. Nifuate lipi?

Bomba_Kuu
Hakuna hata moja. Kuzimua si kusafisha, na kanuni za Marekani kwa mfano zinalikataza hilo waziwazi. Halafu wanaweza kukutegea mashine inayochota kidogo kidogo kwa saa 24. Utaacha bomba wazi mchana kutwa usiku kucha? Mtaro wa mvua ndiyo balaa zaidi, maana kwa kawaida maji yake hayapiti mtambo wowote wa kusafisha, yanaingia mtoni hivyohivyo. Sasa hivi una kosa la kurekebisha. Ukichepusha utakuwa na kesi.

ChembaKavu
Mkuu, injini unaoshea nini?

MwenyeSpana
Ile sabuni kali ya kukata grisi, na maji ya moto. Inatakatisha kweli.

ChembaKavu
Basi hapo ndipo ulipojifunga. Chemba zako zinategemea jambo moja: oili ni nyepesi kuliko maji, ikitulia inapanda juu. Sabuni kali inaivunja kuwa vitone vidogo mno, kila kimoja kimevikwa sabuni, na vitone hivyo havipandi. Vinaogelea chemba zote tatu hadi nje. Wewe huoni oili, maabara wanaiona yote.

Kuna kipimo cha bure. Chota maji ya chemba ya mwisho kwenye chupa inayoonyesha ndani, iweke pasipotikiswa hadi asubuhi. Ukikuta utando wa oili juu na maji yameng'aa chini yake, chemba ni ndogo au zimejaa tope. Ukikuta maziwa yaleyale, mchawi ni sabuni.

Mzee_wa_Mfuniko
Hamjaigusa pH. Kijana, hapo mnashughulika na betri? Asidi inakula zege la bomba pole pole, mpaka siku barabara inatitia. Kanuni ya Marekani inakataa kitu chochote chenye pH chini ya 5, isipokuwa mtambo wenyewe umejengwa kuhimili. Na usidhani ukiipooza kwa magadi umemaliza, betri ina madini ya risasi pia. Hayo yanaishia kwenye tope la mtambo, na tope lenye risasi halifai tena kuwa mbolea.

Petroli ya kusafishia vipuri nayo isiguse mfereji hata kikombe. Aprili 22, 1992, mjini Guadalajara, Mexico, petroli iliyovuja iliingia kwenye mifereji ya majitaka, mitaa ikapasuka, watu zaidi ya 200 wakafa. Mimi nimeshuka chemba miaka mingi, na harufu ya petroli humo chini ndiyo pekee inayonipandisha ngazi bila kuuliza.

Kidole_Juu
Naomba kuuliza kijinga: choo cha gereji je?

Bomba_Kuu
Maji ya choo ndiyo kazi ya mtandao huo, hayana neno. Ila yasipitishwe kwenye chemba za oili, yaungane mbele yake, baada ya pale wanapochotea sampuli.

MwenyeSpana
Nimeamka na chupa. Maziwa matupu! Na kuhusu betri, Mzee umenipata: dogo anazisuuza juu ya kichungio cha mfereji kila jioni, nilikuwa sijawahi kulitilia maanani.

Nawaza hivi: injini zihamie kwenye kona isiyo na mfereji, grisi ifutwe kwanza kwa matambara, maji ya sabuni yaingie pipani yachukuliwe na lori lenye kibali. Betri mbovu zikae kwenye beseni la plastiki hadi mnunuzi wa chakavu aje. Nimekosea wapi?

ChembaKavu
Matambara yenye oili yasitupwe na taka za kawaida, yawekee ndoo ya chuma yenye mfuniko. Kingine, chemba bado zimejaa maziwa ya zamani. Zinyonywe zote tatu, ukwangue kuta, kisha uzijaze maji safi kabla ya kuosha gari lolote, kwani zikiwa tupu oili ya kwanza inapita moja kwa moja. Stakabadhi ya lori usiitupe. Ambatanisha kwenye barua yako kwao na uombe sampuli ya pili. Usingoje siku ya 29.

MwenyeSpana
Wa lori anakuja Alhamisi. Dogo nimempa beseni, amenuna.